Mjamzito Akishikwa na Homa Lamu: Mwongozo Kamili wa Kumfuatilia kwa Virusi vya Mbu

Wahudumu wa afya ya jamii na wauguzi wa zahanati huniletea lalamiko moja kila msimu wa mvua: "Tulimchukua damu yule mama, majibu yakarudi hayaeleweki. Tulikosea wapi?" Nikifungua daftari lao naona kosa ni lile lile. Homa imeandikwa. Dawa imeandikwa. Malaria "hakuna" imeandikwa. Siku homa ilipoanza haimo, au imo lakini si yenyewe.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Mama mmoja wa miezi minane alikuja viungo vimemkaza. Nikamtoa damu vizuri, nikaifunga vizuri, ila nafasi ya tarehe nikaiacha wazi kwa sababu boti ilikuwa inang'oa nanga. Majibu yalirudi yakisema kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, hazikuonekana. Kumbe damu ilitoka mapema mno kwa kipimo kile, na kwenye karatasi hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu wa maabara hivyo. Mama akajifungua siku chache baadaye, mtoto mzuri, analia kwa nguvu, wakaenda nyumbani. Siku ya nne wakamrudisha anawaka moto na titi hataki. Alilazwa wiki mbili. Alipona, lakini zile siku nne angeweza kuwa chini ya macho yetu.

Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya tarehe moja. Nimeuandika kwa mhudumu anayetembelea nyumba, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, na jamaa wanaomlea mama. Matibabu yenyewe ni ya daktari na mkunga. Kazi yetu hapa ni kuona mapema, kuandika sawasawa na kutompoteza mama njiani.

## Virusi tunavyovitafuta

Vinne vinatuhusu zaidi. Chikungunya, ambayo mwaka 2004 iliingia Lamu hata uchunguzi wa damu ukakuta takriban watu 3 katika kila 4 wameshaambukizwa. Dengi, ambayo mlipuko wake wa mwanzo kuthibitishwa Kenya ulikuwa Malindi na Kilifi mwaka 1982. Zika, ambayo kwa mama huwa nyepesi lakini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na homa ya Bonde la Ufa, inayomfikia mtu kwa mbu au kwa damu, maziwa na mimba za mifugo.

Tatu za kwanza huletwa na mbu mmoja, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, na huzaa katika maji safi ndani na pembeni mwa nyumba. Ndiyo maana neti ya usiku peke yake haitoshi.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari lenye ukurasa mzima kwa kila mjamzito, na kalenda ya ukutani yenye siku za wiki. Ikiwa na tarehe za Kiislamu pia, bora zaidi.
- Kitabu cha Mama na Mtoto cha mama mwenyewe.
- Kipimajoto cha kidijitali, mashine ya presha, na saa yenye mkono wa sekunde.
- Kipimo cha haraka cha malaria, na cha mkojo.
- Glavu, chupa za damu, kasha la baridi la chanjo lenye barafu, na lebo zinazoandikika kwa wino usiofutika.
- Parasetamoli na pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini).
- Utepe wa kupimia wa sentimita, usiovutika. Utepe wa fundi cherehani uliochoka hudanganya kwa nusu sentimita, na nusu sentimita kwenye kichwa cha mtoto ni kubwa.
- Namba tatu za simu: zahanati yako, ofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti, na nahodha wa boti anayekubali safari ya usiku.

Hiyo namba ya nahodha nimeiona ikiokoa watu zaidi ya vifaa vingine vyote hapo juu.

## Hatua ya 1: Fungua ukurasa kabla ya homa

Usingoje mama augue. Siku anapohudhuria kliniki mara ya kwanza, andika mambo matano: tarehe ya hedhi ya mwisho, wingi wa damu yake siku hiyo, presha yake ya kawaida, anapochota na kuhifadhi maji, na nani nyumbani mwenye kauli ya kumtoa akiugua ghafla. Mara nyingi ni mume, lakini akiwa baharini ni mavyaa au kaka. Jina lake na simu yake viwepo.

Sababu ya kutaka wingi wa damu na presha ya mwanzo ni hii: mimba yenyewe hubadilisha vipimo. Damu ya mjamzito huwa nyepesi, mapigo ya moyo huenda mbio kidogo, presha hushuka kidogo. Siku dengi ikimkausha maji mwilini, namba yake yaweza kuonekana ya kawaida kwa mtu mwingine kumbe kwake imepanda sana. Mlinganishe na yeye mwenyewe.

Andika pia njia ya kutoka. Kama anaishi Faza, Kizingitini au Siyu, kisiwani Pate, boti inayopita Mkanda, ule mfereji wa bahari kati ya Manda na bara, hungoja maji yajae. Muulize nahodha wakati wa maji mafu hupita saa ngapi, na akikwama hupitia wapi. Msimu wa kusi bahari ya nje si njia ya kumpitisha mjamzito anayetapika. Haya yaandikwe mchana, watu wakiwa na akili tulivu.

## Hatua ya 2: Itafute siku ya 1

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ukimuuliza mama "homa imeanza lini?" atakujibu "siku tatu nne". Hakudanganyi. Mtu mgonjwa hahesabu tarehe, anakumbuka mambo. Basi muulize mambo. Haya ni mazungumzo niliyoyafanya barazani siku ya Ijumaa, nikiwa na kalenda mapajani:

"Harusi ya jirani ulikwenda, mwanangu?"

"Nilikwenda, bibi."

"Ulikuwa na homa?"

"La. Hata asubuhi ya pili yake nilikuna nazi mbili mwenyewe."

"Mkono haukukuuma?"

"Haukuniuma. Usiku wake ndio nikashindwa hata kushika kata ya kuogea. Vifundo vyote moto."

"Usiku upi huo?"

"Usiku wa Jumatatu."

Sasa angalia vizuri. Kwetu pwani siku huingia jua likitua. "Usiku wa Jumatatu" kwa mama huyu ni ule unaoamkia Jumatatu, yaani Jumapili baada ya magharibi. Muuguzi aliyetoka bara angeandika Jumatatu, na kwake angekuwa na haki. Siku moja imeshapotea. Harusi ilikuwa Jumamosi, nazi zilikunwa Jumapili asubuhi, basi homa ilianza Jumapili. Ijumaa niliyokaa naye ilikuwa siku ya 6. Muuguzi yule angeandika siku ya 5. Utaona katika hatua ya 4 kwamba kati ya 5 na 6 kipimo cha kuomba hubadilika.

Kwa hiyo kila mama akitaja usiku, muulize: "Ule wa kuamkia Jumatatu, au Jumatatu yenyewe jua likishatua?" Na saa andika kwa namna fomu inavyotaka. Saa tatu usiku ni 21:00. Nimeona imeandikwa 3:00, na mtu wa maabara akaisoma alfajiri.

Kanuni ninazozitumia:

Siku ya 1 ni siku ya kalenda homa au maumivu yalipoanza, kuanzia usiku wa manane hadi usiku wa manane. Usianze kuhesabu siku aliyokuja kwako.

Tafuta tendo la mwisho alilolifanya akiwa mzima na tendo la kwanza lililomshinda. Kukuna nazi, kuteka maji, kusuka ukili, kupanda ngazi za ghorofani, kukaa kitako kuswali. Chikungunya hushika vifundo vya mikono, vidole na vifundo vya miguu, kwa hiyo kazi za mikono humkumbusha mtu kuliko kipimajoto.

Muulize na mtu wa pili nyumbani, mbali na mgonjwa. Wakitofautiana, andika zote mbili na uweke alama ya unayoiamini.

Homa ni joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi. Kama amemeza parasetamoli chini ya saa sita zilizopita, kipimajoto kitakuambia mwili umepoa. Andika saa aliyomeza.

Ukurasa ukiwa na siku ya wiki, tarehe, na tendo la ushahidi, hatua hii imekamilika. "Jumapili tarehe 4, alikuna nazi asubuhi, kata ilimshinda baada ya isha." Mtu yeyote akisoma mstari huo baada ya mwezi ataelewa.

## Hatua ya 3: Pima malaria, usiishie hapo

Kila mjamzito mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Malaria huua haraka, na inatibika. Ikionekana, atibiwe mara moja kwa dawa inayofaa miezi yake.

Kosa liko upande wa pili: malaria haikuonekana, mama anapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Kipimo kisichoonyesha malaria kinakuambia uendelee kutafuta. Na hata ikionekana, usifunge ukurasa, kwani mtu mmoja aweza kuwa na malaria na dengi kwa pamoja.

Kabla ya kufikiria virusi, pima mkojo na presha. Maambukizi ya njia ya mkojo ni sababu ya kawaida sana ya homa kwa mjamzito. Na presha ikifika 140 juu au 90 chini baada ya wiki ya 20, hasa akiwa na kichwa kinachouma au maumivu chini ya mbavu za kulia, huenda ni kifafa cha mimba kinakuja. Hilo ni la rufaa papo hapo.

Halafu uliza dalili, ukijua zinachanganyana. Vifundo kukaza huelekeza chikungunya. Macho kuuma kwa nyuma, mgongo na mifupa huelekeza dengi. Vipele vyenye mwasho na macho mekundu bila tongo, na homa ndogo, huelekeza Zika. Usiandike jina la ugonjwa kwa kuangalia tu. Andika unachokiona.

Kwa mama wa miji ya Hindi, Witu, Mpeketoni au popote penye mifugo, ongeza swali: kuna mbuzi, kondoo au ng'ombe waliotupa mimba? Alishika nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, au kunywa maziwa yasiyochemshwa? Jibu likiwa ndiyo, vaa glavu na mpigie ofisa wa ufuatiliaji kabla hujafanya jingine lolote. Homa ya Bonde la Ufa yaweza kuharibu mimba ya mwanadamu pia.

## Hatua ya 4: Damu sahihi kwa siku sahihi

Virusi huwa vingi katika damu siku za mwanzo, kisha hupungua. Kingamwili huwa hazipo mwanzo, kisha huongezeka. Vipimo vinafuata mabadiliko hayo.

Siku ya 1 hadi ya 5: omba kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, yaani PCR. Kwa dengi kuna pia kipimo cha NS1, kinachotafuta protini ya kirusi, ambacho baadhi ya maabara hukifanya kwa haraka.

Siku ya 6 na 7: omba PCR pamoja na kingamwili za IgM. Kimoja kitakushika pale kingine kinapoteleza.

Siku ya 8 na kuendelea: IgM ndiyo ya kutegemewa. Kwa Zika, mkojo nao waweza kuonyesha kirusi hadi wiki mbili hivi, kwa hiyo chukua kikombe cha mkojo pamoja na damu.

Sasa unaona kwa nini IgM iliyopimwa siku ya 2 na kurudi "hakuna" haina uzito wowote. Mwili ulikuwa haujaanza kuzitengeneza. Usimwambie mama "huna ugonjwa" kwa majibu hayo.

Chukua mililita 3 hadi 5. Kwenye lebo: jina, umri, tarehe ya siku ya 1, tarehe ya kuchukua damu, na wiki za mimba. Zote ziandikwe kabla sindano haijaingia. Lebo iliyoandikwa baadaye, wagonjwa wawili wakiwa mbele yako, ndiyo inayobadilisha damu za watu.

Weka chupa katika kasha la baridi la nyuzi 2 hadi 8, ifike maabara ndani ya saa 48. Isigusane na barafu moja kwa moja, funga kwa kitambaa. Damu nzima haigandishwi, kwa sababu chembe hupasuka na sampuli kuharibika. Kama safari itazidi saa 48, majimaji ya juu ya damu yatenganishwe kwanza katika kituo chenye mashine, ndipo yagandishwe.

Panga damu ya pili siku 10 hadi 14 baada ya ya kwanza. Kingamwili zikipanda baina ya damu mbili, unajua maambukizi ni mapya. Hii ni muhimu kwetu kwa sababu watu wengi wa Lamu tayari wana kingamwili za zamani, na kingamwili za dengi na Zika hufanana kiasi cha kupotosha kipimo. Mama aliyechanjwa homa ya manjano pia mwandike, nayo huchanganya.

Wahudumu wengi husahau damu hii ya pili kwa kuwa mama ameshapata nafuu. Mwekee miadi siku ile ile ya damu ya kwanza, na umweleze sababu. Mama aliyeelewa hurudi.

## Hatua ya 5: Dawa, maji na neti

Kwa homa na maumivu apewe parasetamoli tu: vidonge viwili vya miligramu 500 kila saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Mama aliye chini ya kilo 50 apunguziwe na muuguzi.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki asiguse mpaka dengi iondolewe shaka, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Na mimba ikivuka nusu, dawa hizo zina madhara yake kwa mtoto hata bila dengi. Ingia ndani uombe kuona mfuko wa dawa. Maumivu ya chikungunya ni makali, na dukani mtu huuziwa "dawa ya viungo" bila kuulizwa kama ana mimba. Sindano za paja nazo zisubiri.

Maji ya majani ya mpapai, ambayo watu hupeana kwa dengi, mjamzito asinywe. Usalama wake kwa mimba haujathibitishwa. Ana vizuri vingi vya kunywa: ORS, madafu, uji mwepesi, maji ya ndimu, mchuzi. Anywe kidogo kidogo siku nzima, na akojoe angalau mara moja kila saa sita. Mkojo ndio mizani yako.

Alale ndani ya neti mchana pia, hasa siku saba za mwanzo. Wiki hiyo damu yake ina virusi, na mbu akimuuma humpelekea mavyaa, watoto na mjamzito wa nyumba ya pili. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu yenye DEET inafaa kwa mjamzito ikitumiwa kama chupa inavyoelekeza.

## Hatua ya 6: Kesha la siku ya 3 hadi ya 7

Kwa dengi, hatari kubwa huja homa ikishuka. Nyumba nzima inafurahi, "amepoa, alhamdulillahi", kumbe maji ya damu yanaanza kuvuja kutoka kwenye mishipa. Kushuka huko huwa kati ya siku ya 3 na ya 7. Usipoijua siku ya 1, hujui lini ukeshe.

Mtembelee kila siku katika siku hizo, au mpigie simu asubuhi na jioni. Pima joto, mapigo na presha, uliza mkojo, uliza mtoto anacheza. Mpeleke hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- tumbo kuuma sana au kuendelea kuuma
- kutapika kusikokoma
- damu kwenye fizi, puani, katika choo au ukeni, hata kidogo
- kulegea sana, au kuhangaika asitulie
- mikono na miguu kuwa baridi, jasho jembamba
- namba ya juu na ya chini ya presha kukaribiana, tofauti ikiwa 20 au pungufu
- kutokojoa saa sita
- mtoto kupunguza kucheza, uchungu kabla ya wakati, au chupa kupasuka

Usingoje asubuhi. Usingoje mume arudi. Hapo ndipo ukurasa wa hatua ya 1 unafanya kazi: jina la mwenye kauli, simu ya nahodha, saa ya maji.

Hospitali watahesabu chembe zinazogandisha damu na kuangalia uzito wa damu. Mpe mama ukurasa wako mkononi, wenye tarehe na vipimo vya kila siku. Daktari wa zamu hana muda wa kukutafuta kwa simu.

Akimaliza saa 48 bila homa na bila parasetamoli, anakula, anakojoa, na damu yake imetulia, kesha limekwisha. Viungo vya chikungunya vyaweza kuendelea kuuma wiki au miezi. Mwambie mapema ili asidhani amerogwa.

## Hatua ya 7: Maji ya nyumba

Siku ile ile unapomtembelea mara ya kwanza, omba ruhusa ukague maji ya nyumba. Anza na birika la chooni. Wazee wetu walifuga visamaki ndani ya birika wale viluwiluwi, na njia hiyo bado inafaa. Birika lisilo na samaki lisuguliwe kuta zake kila wiki.

Sisitiza neno "kusugua". Mbu huyu hubandika mayai ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu miezi mingi. Ukimwaga maji na kujaza tena bila kusugua, umeyanywesha tu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku saba hadi kumi katika joto letu, ndiyo maana tunasema kila wiki.

Kisha endelea: mitungi, mapipa, jabia, sahani za maua, vifuu vya nazi, matairi, chombo cha kunywea punda, mashua kuukuu iliyopinduliwa vibaya. Ukame usikupe faraja. Mlipuko wa 2004 ulikuja wakati wa ukame, watu wakiweka maji ndani muda mrefu bila kuyabadilisha.

Ukikuta watu wawili watatu wa mtaa mmoja wana homa isiyo malaria, mpigie ofisa wa ufuatiliaji siku hiyo. Usisubiri majibu ya damu.

## Hatua ya 8: Mimba baada ya homa

Hesabu wiki za mimba zilizokuwa siku ya 1, uziandike kwa kalamu nyekundu. Zika iliyoingia miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto 5 hadi 15 katika kila 100 wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito hupata athari. Zungumza na mama kwa upole kuhusu namba hii, na umwonyeshe upande wake wa pili: wengi huzaliwa wazima.

Mama mwenye shaka ya Zika apigwe picha ya ultrasaundi wiki ya 18 hadi 20, na tena 28 hadi 30. Zika hupita pia kwa tendo la ndoa, kwa hiyo yeye na mumewe watumie kondomu au wajizuie mpaka ajifungue. Ongea na kila mmoja faraghani. Mbele ya mavyaa hutapata jibu la kweli, na utamfedhehesha mtu.

Usitaje jina la mama wala shaka ya ugonjwa wake nje ya kliniki. Neno "mtoto wa kichwa kidogo" likishatoka barazani halirudi.

## Hatua ya 9: Kujifungua na siku saba za mtoto

Kama siku ya 1 iko ndani ya wiki moja kabla ya kujifungua, mama huyu azalie hospitali, na wakunga waambiwe mapema. Dengi yaweza kumtoa damu nyingi, kwa hiyo damu ya kumwongezea iwe tayari.

Kwa chikungunya, mtoto huambukizwa hasa wakati wa kuzaliwa. Katika kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, mama waliokuwa na virusi katika damu wakati wa kujifungua waliwaambukiza karibu nusu ya watoto wao, na kumpasua mama hakukumkinga mtoto. Mtoto huzaliwa mzima kabisa. Huugua kati ya siku ya 3 na ya 7: homa, kukataa titi, kulia akiguswa, viungo kuvimba, vipele, ngozi kugeuka nyeusi kwa mabaka, au degedege.

Kwa hiyo asiruhusiwe kwenda nyumbani siku ya pili. Akae hospitali siku saba, na kama haiwezekani, akae mjini karibu na hospitali, apimwe joto mara mbili kwa siku. Kama ni wa Kizingitini, jamaa wa mitaa ya Langoni au Mkomani mjini Lamu wampokee. Kunyonyesha kuendelee. Maziwa ya mama yana faida kubwa kuliko hatari, na mtoto anayeacha kunyonya ndiye anayekupa ishara ya kwanza.

Baada ya saa 24 tangu kuzaliwa, na kabla ya wiki kwisha, pima kichwa. Zungusha utepe juu kidogo ya nyusi na kisogoni pale palipojitokeza zaidi. Pima mara tatu, andika namba kubwa. Kwa mtoto aliyezaliwa miezi ya mimba ikiwa imetimia, chini ya sentimita 31.9 kwa mvulana au 31.5 kwa msichana ni cha kupelekwa kwa daktari wa watoto. Aliyezaliwa kabla ya wakati hutumia jedwali la wiki zake. Pima vichwa vya watoto wote, hata wa mama ambao hawakuwahi kusema wana homa, kwa sababu watu wengi wenye Zika hawaoni dalili yoyote.

Rudia kipimo hicho katika kila ziara ya chanjo, kwani kichwa chaweza kuzaliwa sawa kisha kikaacha kukua. Namba iandikwe katika Kitabu cha Mama na Mtoto, ukurasa wa mtoto, na kando yake iandikwe ile tarehe ya siku ya 1 ya mama.